Kaka Hamadi Atawadhe Kwanza

Jumamosi, mchana. Mawingu yameganda juu ya Gerezani tangu asubuhi, joto la kukera, mvua inatishia tu na hainyeshi. Nami nimeamka na hasira ileile niliyolala nayo.

Acha niandike. Nikimsimulia mtu kwa mdomo nitapiga kelele, na mama yuko chumba cha pili.

Mimi ni mtu wa kinyongo, sijifichi. Mama husema nilipokuwa mdogo nikinyimwa kitu nilikuwa silii. Nanyamaza tu, siku zinapita, halafu aliyeninyima anakuta kiatu chake kimoja kimelala kwenye ndoo ya maji. Basi huyo ndiye mimi, nimeongezeka urefu tu.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya kizamani. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo na bafu uani. Mama ameishi hivyo tangu alipoolewa na hakuwahi kulalamika. Masika yaliyopita alitoka alfajiri kwenda kutawadha, akateleza uani, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akarudi nyumbani na mkongojo, na tangu hapo mimi ndiye miguu yake. Namwogesha, namvisha, namshika mkono kwenda na kurudi. Nimeachika na watoto wangu wameshakua, kwa hiyo ukoo mzima umeamua kwamba sina kazi nyingine duniani.

Jirani na chumba cha mama kuna stoo. Mimi na kaka yangu Hamadi tukakubaliana: stoo igeuzwe bafu na choo cha mama, asitoke tena nje. Hamadi ni mkubwa wangu, anauza vitenge Kariakoo, anaishi Buguruni na mkewe. Ndiye mtoto wa kiume pekee. Akija Ijumaa na mfuko wa machungwa, mama anamwombea dua hadi machozi yanamtoka.

Sasa sikiliza penye tatizo. Kwenye ukuta wa ile stoo ndiko iliko luku, yaani mita ya umeme, meni swichi, na kisanduku cha breka. Nyaya za nyumba nzima zinaanzia pale. Marehemu baba aliviweka humo enzi ambazo stoo ilikuwa ya magunia ya mchele, pakavu kabisa, na hakuna aliyeota kwamba siku moja mtu ataoga pale.

Mimi nauza vifaa vya umeme, Kariakoo hukohuko, kwenye duka la familia moja ya Kihindu. Nimeuza swichi na breka tangu sijaolewa. Sijiiti fundi, ila mambo mengine yameniingia kwa kusikia tu. Tajiri yangu, mzee wa watu, ana neno lake akiona mteja anataka kubana matumizi mahali pasipofaa: "Maji na meni swichi ni wake wenza, dada. Usiwalaze chumba kimoja."

Nilimwambia Hamadi hivyohivyo. Nikamwambia kwanza vitu vyote vya umeme vihamie ukumbini, ndipo tuguse bomba. Luku ni mali ya shirika la umeme, haiguswi na fundi wa mtaani, inaombwa ihamishwe, anakuja fundi aliyesajiliwa. Inachukua muda lakini nimeshaanza kufuatilia. Akasema sawa, dada'angu, wewe ndiye mtaalamu.

Nikaenda Tanga kwenye harusi ya binti wa mama mdogo, nikakaa wiki mbili, mama nikamwachia mke wa Hamadi.

Nikiwa huko huko, naona picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Bafu! Marumaru nyeupe hadi juu, choo cha kukaa, shawa ya maji moto. Na maneno ya Hamadi: Zawadi yangu kwa mama yetu kipenzi. Mashangazi wakamwaga maua na viganja vya dua. Mjomba akasema mtoto wa kiume ni nguzo. Mimi nikaikuza ile picha kwa vidole, natafuta ukuta wa luku. Ukuta haupo. Pana kabati nyeupe tu, imebandikwa marumaru, na kitasa kidogo.

Alifunika, jamani. Alivitia vitu vya umeme kwenye kabati ya mbao na jipsamu, akabandika marumaru juu, hatua moja kutoka kwenye shawa.

Nilirudi kesho yake. Hamadi alinipokea mlangoni anacheka, ati ngojangoja yaumiza matumbo, mama angesubiri shirika mpaka lini? Fundi wake amefanya kazi nyingi za namna hii na hakuna aliyekufa. Nikatazama kando. Mama alikuwa ameketi ukumbini na kanga mpya, amenawiri, anangoja nisifu bafu la mwanawe.

Nikasifu. Mungu anisamehe, nilisifu.

Ndipo mama akaniambia habari ya ganzi. Ameanza kuumwa mkono, anasema, na miguu nayo. Kama wadudu wanamtambaa. Tangu aanze kutumia bafu, siku tano hizi, inamjia akitawadha tu. Akifunga bomba, inaisha. Anadhani ni mishipa, uzee, ama maumivu ya ile nyonga yanashuka chini. Lakini asiwe na wasiwasi mtu, maana Hamadi amemletea mafuta ya kuchua, na ndala za mpira za kuvaa bafuni, nzuri, za bluu.

 Nikaingia humo bafuni, nikavua viatu, nikagusa bomba kwa mgongo wa kidole.

Liliniuma.

Kidogo tu. Kama sisimizi. Umeme wa kukutekenya leo na kukuzika kesho. Nikakimbilia kile kikabati, nikafungua kitasa. Mvuke wa shawa ulikuwa umeingia na kugeuka maji. Matone yameshika kwenye kifuniko cha meni swichi, moja limening'inia kwenye ncha ya waya.  Mama anatia udhu mara tano kwa siku mbele ya kitu hiki.

Nilizima umeme wa nyumba nzima. Hakuna aliyeshtuka, Bongo umeme ukikatika watu wanatafuta kipepeo cha mkono tu. Nikachukua testa na bisibisi, nikafuata nyaya za hita ya shawa. Zilikuwa mbili. Ule wa kijani, wa kupeleka ardhini umeme uliopotea njia, haukuwepo kabisa. Zamani walau bomba la kuingiza maji nyumbani lilikuwa la chuma na waya wa ardhini ulifungwa hapo. Fundi wa Hamadi aling'oa chuma akaweka plastiki, koki tu ndiyo ya chuma, na ule waya akaukata akauacha unaning'inia nyuma ya kabati. Umeme ukivuja kwenye hita, hauna pa kwenda ila kwenye maji, na kutoka kwenye maji hadi mkono wa mama yangu.

Nikachomoa nyaya za hita zote mbili kwenye breka yake, nikazifunga ncha. Nikakausha kisanduku. Nikarudisha umeme, nikapima bomba. Limekufa, halina kitu. Mama nikamwambia shawa imeharibika, ataoga kwa kopo, maji nitamchemshia jikoni.

Mtu mwema angempigia kaka yake simu hapohapo.

Mimi nilinyamaza. Nikaanza kufikiri ndoo gani, na kiatu gani.

Maana ganzi ya mama iliisha siku ileile, bila shaka. Na unajua alisema nini? Alisema mafuta ya Hamadi yamemponya! Akampigia simu mbele yangu, simu imewekwa sauti ya juu. "Baba, mafuta yako dawa kabisa, Mungu akuzidishie." Na Hamadi, huyu bwana, akajibu, "Alhamdulillahi, mama, uwe unavaa na zile ndala."

Hapo nikashtukia kitu.

Kwa nini ndala? Kwa nini alileta ndala na mafuta kwa pamoja, tena mafuta ya ganzi? Kwa nini kila akipiga simu lazima aulize ndala? Mtu asiyejua kwamba bomba linauma, ndala angezikumbukia nini? Nilikaa na swali hilo dukani siku nzima, wateja wananiomba soketi nawapa swichi. Nilitaka kujua kitu kimoja tu kabla sijamtia adabu. Ni mjinga, au alijua?

Jana ilikuwa Ijumaa. Nilipika pilau, nikamwalika mjomba Seif, kaka yake mama, mzee wa kofia na maneno machache. Hamadi alikuja na machungwa yake. Tulikula vizuri. Ilipokaribia alasiri nikasimama na kanga yangu kiunoni, nikatoa sauti ya adabu zote.

"Mjomba, leo msiende kutawadha msikitini. Bafu la mama lipo, alilojenga kaka. Kaka aanze, ndiye mwenye bafu."

Ndala za bluu nilikuwa nimeshazitia uvunguni mwa kitanda changu. Feni zinazunguka ukumbini, kila mtu anaona umeme upo. Bomba limekufa, nimelipima tena asubuhi kwa testa na kwa kidole changu mwenyewe. Sikutaka kumuua. Niseme kweli, kuna dakika nilitaka, nilipokuwa nakatakata vitunguu, lakini vitunguu vikaisha.

Mjomba akafurahi. Mama akafurahi zaidi, akasema kwa sauti, "Ingia, baba, mwoneshe mjomba wako."

Hamadi akaenda mlangoni pa bafu, akapandisha kanzu, akakunja suruali, akavua viatu. Sisi tuko nyuma yake, mlango wazi, ni udhu tu siyo kuoga. Akatazama sakafuni. Akatazama nyuma ya mlango.

"Ndala ziko wapi?"

Nikamwambia sijui, labda mama amezipeleka kuoshwa. Tawadha tu, kaka, marumaru safi.

Akasimama pale. Nilimwona mkono unakwenda kwenye bomba na kurudi. Akashusha mkono wa kanzu hadi ukafunika vidole, akajaribu kufungua bomba kwa kitambaa, kidole hakigusi chuma. Akaacha. Akajikohoza. Akasema afadhali aende uani, maji ya humu yana presha ndogo.

Mjomba akauliza, "Unaogopa nini humo ndani?"

"Siogopi kitu, mjomba."

"Basi shika bomba."

Hakulishika.

Haki ya Mungu, nimeishi na huyu mtu maisha yangu yote na sijawahi kumwona amekauka vile. Nikapita mbele yake, peku, nikalikamata bomba kwa mkono mzima, nikafungua maji yakanimwagikia miguuni. Nikamwambia, limekufa, kaka, nimelizima mimi. Lakini wewe hukujua kama limekufa. Ulijua linauma, ukamwacha mama yetu alishike mara tano kwa siku!

Yakamtoka. Ati fundi alimwambia siku ya kumaliza kwamba linatekenya kidogo, ni kawaida, nyumba nyingi ziko hivyo, bibi avae ndala tu. Ati ndiyo maana akanunua ndala. Ati alikuwa na mpango wa kumrudisha fundi baadaye. Ati hakutaka kuwatia watu hofu baada ya kusifiwa.

Hakutaka kuaibika. Hicho tu. Angekubali mama awe na ganzi kuliko kufuta picha kwenye kundi.

Na ndala zenyewe! Mtu akitawadha anavua, anaosha miguu. Kila mara mama alizivua, akaziweka pembeni vizuri zisilowe, akatia miguu yake mitupu kwenye maji. Hamadi hajamshika mama mkono hata siku moja akitia udhu, angejuaje? Kilichomwokoa mama ni kigoda cha plastiki anachokalia, nilichomnunulia mimi, na rehema ya Mungu. Nilisema hayo yote. Nilisema na mengine ya zamani ambayo hayahusiani na umeme. Nilisema mbele ya mjomba, nikifoka, mate yakinitoka, na nilisikia raha mpaka kwenye vidole.

Hamadi alitazama chini. Macho yakamlowa. Nikasubiri mama amgeukie.

Mama alikuwa amekaa kitini ukumbini, mikono juu ya mkongojo.  Halafu akasema, taratibu, "Hamadi, njoo unishike, baba. Alasiri inatupita. Twende uani nikatawadhe."

Khaa! Basi? Hivyo tu? Mimi naona kaburi, yeye anaona alasiri.

Sikukubali yaishe hapo. Nikasema mbele ya mjomba: vizuri, amshike. Na amshike kila wakati. Bafu hili nalifunga kwa kufuli mpaka umeme uhame ukumbini. Hadi siku hiyo kaka hatalala Buguruni, atalala ukumbini hapa, na kila mama akitaka choo, akitaka udhu, alfajiri, mchana, jioni, atamshika yeye. Kuogesha nitaogesha mimi, hilo ni la wanawake. Mengine yote ni yake, na duka la vitenge lijijue.

Mjomba akatikisa kichwa chini juu. "Haki," akasema. Hamadi akampigia mkewe simu aletewe nguo.

Nikafunga kufuli, ufunguo nikautia kwenye sidiria.

Jana jioni nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nilimsikia magharibi anaburuta miguu ukumbini, nikasema moyoni, onja. Isha nikamsikia tena, anauliza mama ashikwe wapi, kwapani au kiwikoni, nikasema onja, onja zaidi. Leo Jumamosi, siku ambayo Kariakoo wateja wanakanyagana, yeye ameketi ukumbini anangoja kuitwa. Simu ya dukani kwake inalia hadi inachoka. Sikumpa hata chai, alijipikia.

Alfajiri ya leo, hata hivyo, kuna kitu nilisikia.

Nilikuwa kitandani, macho yamefunguka yenyewe kwa mazoea. Nikawasikia uani. Hamadi amemmwagia maji nje ya beseni, yamelowanisha kanzu yake mwenyewe, na mama anacheka. Siyo tabasamu, anacheka, kile kicheko chake cha kukwama na kuanza upya. Anamwambia umekuwa vilevile, ulipokuwa mdogo ulikuwa hujui kubeba kopo. Na yeye anacheka. Wakakaa huko muda mrefu, udhu gani huo. Alikuwa anamsimulia habari za baba, habari ambazo mimi sizijui.

Mama hajacheka hivyo tangu avunjike. Na mimi niko naye kila siku.

Nikalala pale nikijihesabia maneno ninayomwambia mama tukienda bafuni. Inua mkono. Haya. Geuka. Shika hapa. Upesi, mama, nachelewa dukani. Sijawahi kumpiga hata kidogo, sijawahi kumtukana, namsafisha kuliko mtoto mchanga. Lakini sikumbuki mara ya mwisho kukaa naye kwenye kigoda nikamwuliza habari za baba.

Hilo halimsafishi Hamadi. Naliandika hapa kwa herufi kubwa za moyoni: HALIMSAFISHI. Alijua, akanyamaza. Sijamsamehe na leo si siku ya kujaribu.

Saa hizi baada ya adhuhuri fundi aliyesajiliwa amenipigia. Mambo yamekamilika mapema, shirika limekubali, anaweza kuja Jumatatu. Atahamishia luku na meni swichi ukumbini, ataweka waya mpya wa ardhini na breka ya kukata umeme ukivuja, na siku mbili zikipita mama ataoga kwa amani. Ndiyo simu niliyoisubiri tangu kabla ya Tanga.

Nikamwambia Jumatatu hii sina nafasi. Aje ile nyingine.

Limenitoka tu. Nilipokata simu nikajiambia ni kwa ajili ya Hamadi, wiki moja zaidi ya kukosa duka, imwingie vizuri. Nikajiambia uani nimetandika mkeka wa mpira, mama hatateleza. Halafu nikakaa kitandani na simu mkononi, na hata mimi sikuyaamini maneno yangu; kile kicheko cha alfajiri kilikuwa bado masikioni.

Sasa hivi, nikiwa naandika sentensi hii, mama ameita. Anataka kwenda uani. Nimeshainuka, kanga begani, mguu mmoja umefika mlangoni, kabla sijasikia vizuri jina aliloliita.

"Hamadi!"

Nimerudi kukaa.